Tiba ya uvimbe wa ini bila kisu ianzie Kigoma

Mwaka 2017 madaktari kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa Wamisri. Miezi 10.9 baada ya ugonjwa kugunduliwa, nusu ya Wamisri walikuwa bado hai. Katika nchi nyingine zilizoshiriki, yetu ikiwa mojawapo, nusu ya wagonjwa walikuwa wameshazikwa ilipofika miezi 2.5. Misri wagonjwa 76 katika kila 100 walipata angalau tiba moja iliyoulenga uvimbe wenyewe. Kwa wengine walikuwa 3 katika kila 100. Linaloumiza zaidi ni umri. Wamisri waligunduliwa wakiwa na miaka 58 hivi, wengine wakiwa na 46. Mtu wa miaka 46 katika mwambao wa Ziwa Tanganyika ndiye nahodha wa boti ya dagaa, ndiye mama anayeanika samaki mwaloni Kibirizi na kulipa ada za watoto, ndiye mwalimu wa shule ya msingi Ujiji. Saratani hii inamchukua mtu akiwa bado amebeba nyumba nzima mabegani.

Tofauti hiyo kati ya Misri na sisi haikuletwa na ufundi wa kupasua. Wamisri wengi waliotibiwa hawakupasuliwa kabisa. Walitibiwa kwa sindano na kwa mirija ya mishipa ya damu, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu waligunduliwa mapema, kupitia kliniki zinazowafuatilia watu wenye virusi vya homa ya ini. Hapa Kigoma, familia ikiambiwa mgonjwa wao ana uvimbe kwenye ini, huwa inaona njia mbili tu: kuuza shamba la michikichi ili kumpeleka Dar es Salaam akapasuliwe, au kumrudisha nyumbani. Hoja yangu ni kwamba ipo njia ya tatu, kwamba ushahidi wake ni imara, na kwamba sehemu yake kubwa inaweza kufanyika ndani ya mkoa huu, mradi tukubali kuanzia pale inapostahili kuanzia: kumtafuta mgonjwa kabla hajajijua kuwa ni mgonjwa.

Tuanze na tiba zenyewe, maana wengi hawajapata kuelezwa. Iliyo nyepesi kuliko zote ni ya sindano. Daktari anautazama uvimbe kwa ultrasaundi, anatia ganzi kwenye ngozi, anapitisha sindano ndefu mpaka katikati ya uvimbe, kisha ncha ya sindano inatoa joto la mawimbi ya redio au ya maikrowevu linaloichoma nyama ya saratani kwa dakika chache. Mara nyingi mgonjwa hulala hospitali usiku mmoja tu. Kabla ya mashine hizo za joto, tangu miaka ya 1980, madaktari wa Japani na Italia walikuwa wakidunga ethanoli safi kwenye uvimbe, nayo inaua seli kwa kuzikausha. Ethanoli haigharimu kitu cha kutisha, na kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 matokeo yake hayako mbali na ya joto. Uvimbe ukizidi hapo, joto linashinda. Je, sindano inaweza kulinganishwa na kisu? Mwaka 2006 watafiti wa China walichapisha jaribio la wagonjwa 180 wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5. Baadhi walipasuliwa, baadhi walichomwa kwa sindano, na baada ya miaka minne makundi hayo mawili hayakupishana kwa maana yoyote katika idadi ya waliobaki hai. Japani nayo ikauliza swali hilohilo kwa wagonjwa 301 wenye uvimbe usiozidi sentimita 3, ikapata jibu hilohilo. Kwa uvimbe mdogo, basi, sindano si tiba ya maskini aliyekosa upasuaji. Ni tiba kamili, na kwa ini lililokwisha kukakamaa kwa makovu mara nyingi ndiyo salama zaidi, kwa sababu ini la namna hiyo halistahimili kukatwa kipande.

Uvimbe ukiwa mkubwa zaidi, au ukiwa zaidi ya mmoja, ipo tiba inayopita ndani ya mishipa. Ini hupata damu kwa njia mbili. Mshipa unaotoka kwenye matumbo huleta takriban robo tatu ya damu yote, na ateri huleta iliyobaki. Uvimbe wa saratani, tofauti na ini lenyewe, hunyonya karibu damu yake yote kutoka kwenye ateri. Madaktari waliigeuza tabia hiyo kuwa silaha. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, unaongozwa kwa eksirei mpaka kwenye tawi la ateri linalolisha uvimbe, dawa ya saratani inamwagwa hapo hapo, kisha tawi linazibwa. Uvimbe unakosa damu huku ini likiendelea kulishwa na mshipa wake mwingine. Mwaka 2002 yalichapishwa majaribio mawili, moja la Barcelona na jingine la Hong Kong. La Hong Kong ndilo linalotuhusu zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi wa huko walikuwa na homa ya ini B kama wetu: baada ya miaka miwili, 31 katika kila 100 waliotibiwa hivyo walikuwa hai, wakati kwa wasiopata tiba hiyo walikuwa 11.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo Afrika Mashariki imelisahau. Dawa ambayo hadi leo hutumiwa sana katika tiba hiyo ya mishipa inaitwa doksorubisini, na sifa yake katika saratani ya ini haikuanzia Ulaya. Ilianzia Kampala. Mwaka 1975 Dk. Charles Olweny na wenzake wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, walichapisha ripoti ya wagonjwa wa saratani ya ini waliowatibu kwa dawa hiyo, wakati huo ikijulikana kwa jina la adriamisini. Majaribio makubwa ya baadaye yalipunguza matumaini ya ripoti ile ya mwanzo, kwani dawa ikiingizwa katika damu ya mwili mzima huwasaidia wachache tu. Lakini tiba ya uvimbe wa ini bila kisu ilikuwa ikichunguzwa na Mwafrika katika hospitali ya umma miaka 50 iliyopita. Anayesema mambo haya ni ya Wazungu na hospitali zao za kifahari hajui historia ya ukanda wake mwenyewe.

Zipo tiba nyingine, nami nitazipitia haraka kwa sababu siamini kwamba ndizo za kupiganiwa kwanza. Vidonge vya sorafenibu, vilivyothibitishwa mwaka 2008, vilirefusha maisha ya wagonjwa wenye saratani iliyosambaa kutoka miezi 7.9 hadi 10.7. Dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, zikichanganywa na dawa ya kuzuia mishipa mipya isiote, zilifikisha miezi 19.2. Ni hatua kubwa ya sayansi, na ni dawa za bei ambayo mkoa wetu hauwezi kuibeba leo. Iko mionzi inayolengwa kwa usahihi, ziko chembe za mionzi zinazopitishwa kwenye ateri, na tangu mwaka 2023 Marekani imeruhusu mashine inayosaga uvimbe kwa mawimbi ya sauti bila hata sindano. Yote haya yatashuka bei siku moja. Ila hakuna hata moja litakalomfaa mtu anayefika hospitali akiwa na macho ya njano, tumbo limejaa maji na uvimbe unaopapasika kwa mkono.

Na hivyo ndivyo wengi wanavyofika. Ini haliumi mapema. Uvimbe wa sentimita 2 hauna dalili yoyote. Mtu anavuta nyavu, analima, anazaa. Maumivu chini ya mbavu za kulia yanapoanza, mara nyingi saratani imeshatutangulia kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo kuugundua uvimbe mapema na kuutibu bila kisu ni jambo moja, wala haliwezi kupangiwa bajeti mbili tofauti. Huko Shanghai, jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliwahusisha watu karibu 19,000 wa umri wa miaka 35 hadi 59 wenye homa ya ini B au historia yake. Kundi moja lilipimwa kila baada ya miezi sita kwa ultrasaundi na kipimo cha damu, jingine likaachwa na huduma ya kawaida. Vifo vya saratani ya ini katika kundi lililopimwa vilipungua kwa asilimia 37, ingawa wengi hawakuhudhuria vipimo vyote walivyopangiwa. Mafanikio hayo yalipatikana kwa watu wanaosahau tarehe za kliniki, kama wanavyosahau watu wa kila mahali.

Nani basi apimwe Kigoma? Jibu linaanza na kirusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini B, na kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea katika ukanda wake wa Afrika. Kirusi hiki hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, hupita katika ngono, na hupita katika wembe wa chale. Desturi ya kuchanja chale juu ya ini au bandama ya mtoto aliyevimba tumbo bado haijaisha vijijini, na wembe mmoja ukitumika kwa watoto wawili unaweza kuwa ndio mwanzo wa saratani ya baada ya miaka 40. Juu ya kirusi inakuja sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka na mtu mwenye homa ya ini B, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi zaidi ya kila kimoja peke yake. Mwambao wetu una la ziada. Vijiji vya kaskazini kuelekea Gombe vina kichocho cha tumbo, ambacho hukaza mishipa ya ini, huvimbisha bandama na kuleta kutapika damu. Kichocho hicho si saratani na kina dawa yake. Lakini kwa macho na mikono tu, mgonjwa wa kichocho, wa jipu la ini na wa saratani wanaweza kufanana, na mmoja akaambiwa akafie nyumbani kwa ugonjwa ambao ungepona. Ultrasaundi ndiyo inayowatenganisha.

Sasa tuzitazame pingamizi, maana ni nzito na zinastahili majibu. Ya kwanza inasema mkoa wenye malaria na vifo vya wajawazito hauna sababu ya kutumia fedha kwa saratani ya wachache. Ningekubaliana nayo kama fedha hizo zingekuwa za vifaa vipya vyote. Lakini mashine ya ultrasaundi inayotazama mtoto tumboni ndiyo inayotazama ini. Dawa ya kuzuia homa ya ini B isiharibu ini, tenofovira, ni ileile iliyomo katika vidonge vya kufubaza VVU. Iko tayari kwenye kliniki za wenye VVU kila wilaya, kuanzia Kakonko hadi Uvinza, na ya aina isiyo na hakimiliki hugharimu dola chache kwa mwezi. Damu inayotolewa na wachangiaji hupimwa homa ya ini B kila siku katika nchi hii. Wenye kirusi wanajulikana kwa majina, kisha wengi wao wanaambiwa waende hospitali, na safari inaishia hapo. Kinachokosekana zaidi ni daftari la wenye kirusi, tarehe ya kurudi, na mtumishi aliyepewa wajibu huo.

Pingamizi ya pili ni ya chanjo: tuwachanje watoto, ugonjwa utaisha wenyewe. Chanjo ni muhimu kuliko kila nililoliandika hapa, na ningependa kila mtoto anayezaliwa Kigoma aipate ndani ya saa 24, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri tangu 2009, badala ya kusubiri wiki ya sita wakati kirusi cha mama kimeshapita. Hata hivyo chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002. Mtu aliyezaliwa 2001 atafikisha umri wa miaka 46 mwaka 2047. Kuwaambia watu wazima wote wa mwambao huu wasubiri chanjo ambayo haikuwahi kuwafikia ni kuwaandikia hukumu.

Pingamizi ya tatu ni ya madaktari wenyewe, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi: tiba hizi zinahitaji ujuzi, na ujuzi uko Dar es Salaam. Ni kweli. Muhimbili ndipo mahali pa tiba ya mishipa, na pabaki hivyo kwa sasa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kikisaidiwa na walimu wa kujitolea kutoka Marekani kupitia mpango wa Road2IR, kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba radiolojia, yaani tiba za sindano na mirija zinazoongozwa kwa picha, ya kwanza nchini, na wahitimu wake sasa wanafanya kazi ambazo zamani mgonjwa alilazimika kuzifuata India. Lakini kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ya kati, ile iliyofika hapa mwaka 1914, ni zaidi ya kilomita 1,250, na mtu wa Kalya anapaswa kwanza kufika Kigoma ndipo safari yake ianze. Hakuna anayeweza kuifanya safari hiyo kila miezi sita ili kutazamwa ini lisilomuuma. Ufuatiliaji lazima uwe kwenye kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Sindano, ambayo haihitaji chumba kikubwa cha mishipa bali ultrasaundi, mashine ndogo ya joto au chupa ya ethanoli, na mikono iliyofundishwa, inaweza kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Serikali imezifungia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT scan. Picha ya kuthibitisha uvimbe haipaswi tena kuwa sababu ya kumsafirisha mgonjwa. Na anayeshuku kwamba ultrasaundi inaweza kufanya kazi mbali na miji akumbuke Turkana, kaskazini mwa Kenya. Huko, katika miaka ya 1980, timu za AMREF ziliwapima wafugaji wahamaji kwa mashine za kubebeka, zikitafuta uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa, na matokeo yakachapishwa katika majarida makubwa ya tiba. Kama iliwezekana kwa watu wasiolala mahali pamoja wiki mbili, itashindikanaje Mwamgongo au Ilagala?

Tena Maweni haihudumii Kigoma peke yake. Kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongomani tangu 1996, na ziwa linatuunganisha na Uvira, Kalemie na Burundi. Mpango wowote wa homa ya ini utakaowaacha wakimbizi nje utakuwa umeacha sehemu ya ugonjwa pale pale ulipo, na mashirika yanayohudumia kambi yangefaa kushirikishwa katika gharama tangu siku ya kwanza.

Kuna la mwisho ambalo wapenda maendeleo hawapendi kulisema. Hata tukifanya yote haya, wengine watafika wamechelewa, na kwao sindano na mirija vitadhuru kuliko kusaidia. Kumchoma mtu ambaye ini lake limekwisha kushindwa ni kumuongezea mateso na kuimalizia familia fedha. Mgonjwa huyo naye anastahili tiba: kuondolewa maji tumboni anapobanwa pumzi, na mofini ya kunywa kwa maumivu. Uganda imekuwa ikitumia mofini ya maji tangu 1993, ilipoanzishwa Hospice Africa Uganda, na wagonjwa wake wanaipokea nyumbani. Muuguzi aliyefundishwa kuitoa Kasulu au Kibondo anafanya kazi ya kitabibu sawa na ya bingwa wa Muhimbili, na anayewauzia wagonjwa hao chupa za mitishamba kwa bei ya ng'ombe, akiwaahidi kwamba uvimbe utayeyuka, anawaibia siku zao za mwisho.

Bunge limeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wabunge wa mkoa wetu wadai kwamba kipimo cha homa ya ini B, tenofovira na ultrasaundi ya kila miezi sita viwemo katika kitita cha msingi, na wadai mtaalamu mmoja wa tiba radiolojia apangiwe Maweni au awe anakuja kwa ratiba inayojulikana. Wewe msomaji, kama ulizaliwa kabla ya 2002 na hujawahi kupimwa homa ya ini B, nenda kapime wiki hii. Ukikutwa huna kirusi, omba chanjo. Ukikutwa nacho, usikubali kuondoka kliniki bila kupewa tarehe ya kurudi kutazamwa ini lako, na uwapeleke wanao na ndugu zako wa tumbo moja wakapimwe.